Asubuhi Tatu za Kupanda Mlima wa Shule

Mwaka niliomaliza chuo kikuu, serikali ilikuwa imeshaacha kuwapangia wahitimu kazi. Tuliambiwa soko limefunguliwa, kila mtu ajitafutie. Nikarudi Kinampanda kwa dada yangu na sanduku la vitabu, nikawa mtu wa kuuliza maswali ambayo hakuna aliyeyaomba. Kwa nini mtoto anayetaka kuanza shule apimwe kwa kupitisha mkono juu ya kichwa mpaka ashike sikio la upande wa pili? Mkono unajua nini kuhusu kusoma?

Dada alikuwa na binti aliyekaribia miaka saba, mdogo wa umbo, na mvulana wa miaka minne. Shule ilikuwa nyuma ya mlima. Si mlima wa kutisha. Njia yake ni ya ng'ombe, inapindapinda kati ya majabali, na mtu mzima huimaliza kwa nusu saa. Lakini dada alishaamua binti asubiri mwaka mwingine.

"Mkono umefika sikioni, sawa. Miguu je?" aliniambia. "Kila nikienda naye kuni huko, anakaa njiani analia miguu. Nimwandikishe, halafu nani ambebe?"

"Nipe asubuhi tatu. Akivuka na kurudi bila kubebwa, Januari unamwandikisha."

"Wewe na shahada yako. Haya. Mimi nipo shambani napanda uwele, nitawaona."

Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha wiki ile. Majani mapya yalikuwa mafupi bado, na udongo mwekundu ulitugandia kwenye kandambili hadi tukazivua. Mvulana naye alikataa kubaki. Binti alipanda vizuri, akamkimbiza mjusi, akatupita, na alipofika kwenye jabali lililoinama akaketi.

"Mama mdogo, miguu inauma."

Nilimweleza umuhimu wa elimu kwa mtoto wa kike. Alinisikiliza kwa adabu, akaendelea kukaa. Nikambeba kurudi nyumbani.  Jioni ile dada alinitazama tu akacheka.

Siku ya pili nilipiga mluzi. Dada alikuwa amenikanya, kama alivyokanywa yeye utotoni, kwamba juu ya majabali yale watu hawapigi mluzi. Kwa nini? Basi tu. Kwa hiyo nikapiga. Pimbi waliokuwa wakiota jua wakatimkia mashimoni, na kabla hatujafika mbali mvua ikatushukia yote.

"Umeona?" mvulana akaniambia.

Nikaanza kumweleza mawingu yanavyotokea.

"Sawa, lakini usirudie."

Binti alicheka hadi akashikilia tumbo. Halafu tukafika kwenye jabali lililoinama, akaketi kwenye maji, palepale pa jana. Miguu.

Usiku ule nilijiona mjinga. Nilikuwa nimeuliza kuhusu mkono na mluzi, nimeuliza hata kuhusu ajira za serikali, lakini yeye mwenyewe sikuwa nimemuuliza kitu.

Siku ya tatu alipoketi, nami niliketi. Nikatoa mfukoni michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, tukatafuna wote watatu.

"Kwa nini hapa tu?" nikamuuliza.

Alinyoosha kidevu kuelekea mbele, lilikoonekana paa la bati. "Ukipita hapa shuleni wanakuona."

"Wakikuona?"

"Wanakuchukua. Unakaa huko. Kama wewe."

"Kama mimi vipi?"

"Mama anasema ulienda shule. Mimi nilizaliwa wewe haupo. Unakuja Krismasi na biskuti, halafu unaondoka."

 Nilikuwa nimeondoka kwenda sekondari ya bweni, kisha chuo. Shule ya aina nyingine binti hakuwa ameijua.

"Darasa la kwanza wanarudi nyumbani kila mchana," nikasema. "Kabla ya ugali."

"Nani kasema?"

"Twende tukaulize."

Alifikiri. Kisha akainuka, akanishika mkono, tukateremka upande wa pili nikiwa nimembeba mvulana mgongoni. Shule ilikuwa imefungwa kwa likizo. Kwenye uwanja tulimkuta msichana mmoja akichunga mbuzi, mkubwa kidogo kuliko wetu.

"Unasoma hapa?" binti akamuuliza.

"Ndiyo. Naingia la pili."

"Unalala wapi?"

"Nyumbani! Kwani nilale na chaki?"

Waliangaliana, wakacheka. Kurudi, binti alitangulia njia nzima, na mara mbili alisimama kutungoja kwa sura ya mtu anayecheleweshwa.

Dada aliacha jembe, akaja hadi mwisho wa shamba. "Ameshinda," alisema. "Ila wiki ya kwanza utampeleka wewe."

Nilikuwa nimepanga kwenda Dar es Salaam mwezi ule kutafuta kazi. Nikaahirisha. Shule ilipofunguliwa Januari, kila mchana nilipanda kumpokea njiani, na kila mchana alinikimbilia. Ijumaa nilimwona anakuja na wenzake sita, wanapiga kelele, sare mpya imeshachafuka. Alinipita kama hanijui.

"Yule nani?" mmoja akamuuliza.

"Mama yangu mdogo," alijibu bila kugeuka. "Anaogopa kushuka peke yake."