Kengele Haikulia

Kwenye yadi ya mafundi wa magari walimwita Fundi Kengele, na jina lilimganda kiasi kwamba hata waliomjua tangu utotoni walisahau lile la kuzaliwa. Kazi yake ilikuwa kufunga kengele za joto kwenye magari. Injini ikianza kuchemka kupita kiasi, kengele inapiga kelele ndani ya kebini na dereva anasimama kabla chuma hakijaungua. Wapo watakaosema kazi yenyewe ndogo. Hao hawajawahi kumwona mwanamume mzima amekaa chini kando ya injini iliyokufa, mikono kichwani, analia bila kujificha.

Mwanzoni mafundi wenzake walimfanya kichekesho. "Mwanamke akishika waya za gari," mmoja alisema siku ya kwanza, "kesho rejeta itapika chai." Naye, bila kuinua uso, akamjibu kwamba rejeta ya kwake ilishapika chai mara tatu mwezi ule na wateja hawakupewa hata sukari. Walicheka wote. Kuanzia hapo wakamwachia nafasi yake chini ya paa la bati, kati ya mchomeleaji na muuza matairi.

Nafasi ile hakuipata peke yake. Baba yao alipofariki yeye alikuwa bado mtoto wa shule, na kaka yake, aliyemzidi miaka tisa, aliacha masomo akaingia kwenye malori. Alianza kwa kupakia mizigo, akapanda hadi kwenye usukani. Yeye ndiye aliyempeleka dada yake chuo cha ufundi wakati majirani wakimwambia anatupa jasho lake shimoni. Msichana alipohitimu, kaka mtu alinunua sanduku la spana, akalibeba begani hadi yadini, akalitua mbele ya mafundi. "Huyu ni mdogo wangu," aliwaambia. "Atakayemchezea atanitambua." Hakuna aliyetaka kumtambua.

Kaka yake madereva walimwita Macho. Katika miaka ishirini na miwili ya usukani hakuna aliyewahi kumsikia amesinzia, na mke wake alijitapia jambo hilo kuliko yote. "Wenzangu waume zao wana majumba," alikuwa akisema huku akijicheka mwenyewe, "wangu ana macho." Yule mama alikuwa mcheshi, mwenye sauti ya kusikika nyumba ya tatu. Fundi Kengele alimpenda wifi yake kuliko baadhi ya ndugu wa damu, na wala hakuficha.

Lori alilokuwa akiendesha Macho lilibeba mbao. Geji yake ya joto ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo Macho alimshawishi mwenye lori amruhusu dada yake afunge kengele. Dada akaifunga vizuri kama alivyofunga nyingine zote. Sensa, kile kijidude cha shaba kinachoonja joto, aliichomeka kwenye mpira wa maji wa juu, karibu na rejeta. Hapo ndipo alipofundishwa kuichomeka, na hapo ndipo alipoichomeka kwenye nusu ya magari ya mji.

Asubuhi moja ya mvua kubwa lori lilifia kwenye mlima, limeshiba mbao. Likaburutwa hadi yadini. Fundi wa injini alipofungua, kichwa cha injini kilikuwa kimepinda na pistoni zimegandana na silinda. Mwenye lori akasimama chini ya paa na mwavuli wake, anatikisa kichwa tu.

"Kengele haikulia," Macho alisema. Shati lake lilikuwa bado limemlowa mwilini. "Nguvu zilipungua mlimani, nikadhani ni uzito wa mbao. Nikasikia harufu, nikasimama palepale. Ilikuwa imeshakwisha."

"Na moshi hukuuona?" mwenye lori akauliza.

"Kwa mvua ile, mzee? Nilikuwa sioni hata boneti."

Mwenye lori akamgeukia dada. "Fundi, pima kengele yako mbele yetu."

Alipima. Alichomoa waya kwenye sensa, akaugusisha kwenye bodi ya lori, na kengele ikapiga ukelele uliomfanya muuza matairi atukane. Hakuishia hapo. Akafungua sensa yenyewe, akaitia kwenye kopo la maji yanayotokota, na kengele ikalia tena, kali vilevile.

Fundi wa injini akainua mpira wa maji uliopasuka. "Huu umepasuliwa na joto," alisema.

"Ndiyo," dada akakubali. "Maji huchemka kwanza, ndipo mpira upasuke. Kengele ingekuwa imelia zamani."

Macho akamtazama. "Mdogo wangu. Haikulia."

"Kaka, kengele haina sababu ya kudanganya."

Alilisema kwa upole, na kwa hakika alidhani anasema kweli. Lakini alikuwa pia anaogopa. Waliosimama pale wengi walikuwa wateja wake, na kama kengele ile ilikuwa mbovu, basi zote zilikuwa mbovu. Aliogopa kwa ajili ya jina lake, akamwacha kaka yake ajitetee mwenyewe. Mwenye lori akakata kauli kwamba dereva alilala.

Macho akamwaga unga siku hiyohiyo. Na wenye magari, kama kuna kitu wanajua kukifanya haraka, ni kung'atana masikio. Kila alikokwenda kuomba usukani alikuta habari imemtangulia: huyo ndiye aliyelala kengele ikimlilia sikioni. Baada ya miezi saba ya kuzunguka alipata kazi ya kulinda geti la ghala la saruji. Vijiwe vya madereva vilifurahi sana. "Alilala wakati wa kuendesha," walisema, "sasa analipwa akeshe." Macho alicheka pamoja nao, maana angefanya nini tena.

Nyumbani mke wake aliacha kujitapa. Hakumsimanga hata mara moja, na pengine angemsimanga ingekuwa nafuu. Alimbembeleza tu. "Baba, si dhambi. Mtu akichoka amechoka. Kubali yaishe, moyo wako upumzike." Macho akakataa mwaka mzima. Kisha jioni moja, dada yake akiwa hapo sebuleni na kikombe mkononi, alichoka kukataa. "Haya basi, nililala," alisema. "Yaishe." Mke wake akamshika bega. Fundi Kengele akanywa chai yake hadi mwisho ingawa ilikuwa imepoa.

Hayakuisha. Tangu jioni hiyo Macho alianza kutojiamini. Jirani alipomwomba amwendeshee gari hadi hospitali, alikataa, akasema hajijui. "Labda ilikuwa nusu dakika tu," alimwambia dada yake. "Mtu anayelala si hajui kwamba amelala?" Aliuliza kwa dhati, kama mgonjwa anavyomuuliza daktari. Dada akajibu kwamba ndivyo ilivyo.

Miaka miwili baadaye, mwezi wa tatu, Fundi Kengele alikuwa akijaribu sensa mpya. Desturi yake ilikuwa kuijaribu kila moja kabla ya kuifunga. Aliweka sufuria ya maji kwenye jiko dogo la gesi, akaining'iniza sensa kwa waya kutoka kwenye msumari, ncha yake ikigusa maji kidogo tu. Maji yakatokota, kengele ikalia. Mteja akamwita nje atazame stata, na maongezi yakanoga. Baada ya muda akagundua kwamba ndani ni kimya. Akadhani gesi imekwisha.

Gesi ilikuwa inawaka. Sufuria ilikuwa imekauka, kitako kimekuwa cheusi na kimeanza kufuka. Juu yake sensa ilining'inia hewani, na kengele imetulia kabisa.

Alimimina maji mengine. Yalipotokota na kuifikia sensa, kengele ikalia. Akayaacha yapungue. Kengele ikanyamaza, na moto chini ukaendelea kuunguza sufuria tupu. Alirudia mara tatu, ingawa alishaelewa mara ya kwanza. Kengele zake zilikuwa zikionja maji. Maji yakiondoka, hakuna cha kuonja. Mpira wa lori haukupasuka kwa joto. Ulipasuka kwanza, chini ya mlima, maji yote yakamwagika kwa pamoja ndani ya mvua, na injini ikaungua kavu huku kaka yake akisikiliza kengele ambayo isingeweza kulia.

Alikaa juu ya tairi. Muuza matairi alimuuliza kama anaumwa, naye akasema ni kizunguzungu.

Tangu kesho yake alibadilisha ufundi wake. Sensa hakuichomeka tena kwenye mpira, aliifunga kwa bolti kwenye chuma chenyewe cha kichwa cha injini, ambako joto husikika maji yawepo yasiwepo. Akawaita wateja wake wa zamani mmoja mmoja, akawahamishia sensa bila malipo. Aliwaambia ni shukrani kwa wateja wa siku nyingi. Wakamsifu kila kijiwe. Ndani ya wiki sita alikuwa amerekebisha kengele zake zote mjini, na kaka yake alikuwa bado amekaa getini.

Kila Jumapili alikwenda kwa kaka yake amepiga moyo konde. Kila Jumapili alikuta sababu. Mara kuna wageni, mara kaka amechoka, mara mvua. Ukweli ni kwamba alijua swali litakalofuata: mbele ya watu wote wale, kwa nini hukuniamini? Akawa anarudi nyumbani na maneno yake kooni.

Mwezi wa sita wifi yake akalazwa. Figo, walisema. Sauti iliyokuwa ikisikika nyumba ya tatu ikawa ya kuinamiwa. Alasiri moja, Macho akiwa ameenda kutafuta dawa, mgonjwa alimshika Fundi Kengele mkono.

"Wifi, wewe ndiye fundi. Niambie kweli. Baba alilala?"

Alikuwa peke yake naye. Kitanda cha pili kilikuwa kitupu. Lilihitajika neno moja tu, tena fupi.

"Pumzika kwanza, wifi," alisema. "Tutaongea ukipona."

Mgonjwa alimtazama kitambo, kisha akafumba macho. "Mie nilimlazimisha akubali," alisema. "Nilikuwa nataka yaishe." Alifariki mwezi wa nane.

Mwezi wa kumi Fundi Kengele aliacha kazi mchana, akavua ovaroli, akaenda kwenye ghala la saruji. Kaka yake alikuwa kwenye kibanda chake cha getini, amevaa koti la ulinzi lililompwaya. Alikuwa amekonda tangu msiba. Akamsogezea dada yake kiti, yeye akakaa juu ya ndoo.

"Kaka, siku ile hukulala."

Macho hakuelewa ni siku gani. Kisha akaelewa, akanyanyua mkono kumzuia. "Hayo yaliisha, mdogo wangu."

"Hukulala. Mpira ulipasuka kwanza, maji yakaisha. Kengele yangu inapima maji, kaka. Maji yakiisha, hailii. Niliifunga mahali pasipofaa. Haikulia, kama ulivyosema."

Alimweleza yote, sufuria, msumari, moto. Macho akamwambia arudie. Akarudia. Akamwambia arudie tena pale pa maji. Midomo yake ilikuwa ikitembea pamoja na maneno ya dada yake, kama mtu anayekariri.

"Sikulala," alisema.

"Hukulala."

Akasimama. Akakaa. Akacheka, kicheko kile cha zamani cha kebini, akajipiga paja, machozi yanamtiririka hadi kwenye kola ya koti. "Nilisema mimi! Nilisema haikulia! Siku ile nilikuwa nahesabu hata kona za mlima, moja baada ya nyingine, nawezaje kulala?" Akachomoa simu mfukoni, akabonyeza, akaiweka sikioni. Fundi Kengele alijua anampigia nani kabla yeye mwenyewe hajajua. Ilichukua muda. Kisha Macho akaishusha ile simu polepole, akaitazama, akairudisha mfukoni.

 Upande wa pili wa ukuta watu walikuwa wakipakua mifuko ya saruji, na mtu mmoja alikuwa akihesabu kwa sauti.

"Umejua lini?" Macho akauliza.

Angeweza kusema juzi. Njia nzima alikuwa amejiandaa kusema juzi.

"Mwezi wa tatu."

Macho alifuta uso kwa kiganja, upande mmoja, halafu upande wa pili. "Mwezi wa tatu," alisema, "wifi yako alikuwa bado anapika mwenyewe."

"Kaka..."

"Alikuwa anakwenda sokoni kwa miguu."

Dada alitaka kupiga magoti. Macho akamzuia kwa kumshika kiwiko, akamwinua kwa uangalifu, kwa adabu, kama anavyomshika mtu asiyemfahamu aliyeteleza njiani. Hakumkaripia. Angemkaripia, dada angepata pa kushika.

"Rudi kazini, fundi," alimwambia. Hakuwa amewahi kumwita hivyo maishani mwake. "Kuna lori linakuja, nifungue geti."

Akaenda, akalifungua mabawa yote mawili, akasimama kando ameshika komeo. Fundi Kengele akatoka, akatazama barabara huku na huku. Hapakuwa na lori.