Kasia, Kibuyu na Mkaa wa Mama

Wiki ya uchaguzi mdogo wa udiwani katika kata yetu ya Pasiansi sikulala vizuri kwa furaha. Napenda uchaguzi kama wengine wanavyopenda harusi. Wafuasi wa chama cha kasia walipita barabarani na makasia halisi mabegani, jasho likiwatiririka, na wale wa kibuyu wakawajibu kwa kugonga vibuyu mpaka mbwa wote wa Pasiansi wakabweka. Mimi nilikuwa kibuyu damu. Mama yangu, kasia.

Mama hajui kusoma. Ameuza dagaa soko la Mwaloni, kule Kirumba, tangu kabla sijazaliwa, na sijasikia mtu aliyewahi kumpunja. Karatasi ya kura ina picha ya mgombea, na pembeni yake alama ya chama, iliyowekwa kwa ajili ya watu kama yeye. Hata hivyo miaka yote aliingia kituoni na msaidizi: kwanza baba, na baba alipofariki, mimi. Safari hii akatangaza tukiwa tunakunywa chai, "Naingia mwenyewe. Nataka niweke kura kwa mkono wangu kabla sijafa."

Niliruka kwa furaha. Niliona na aibu pia, na niseme kwa nini. Uchaguzi uliotangulia, nilipomsaidia, aliniambia kasia, nami nikaweka alama ya vema kwenye kibuyu. Nilijidai namtendea wema, eti yeye hajui siasa. Sikumwambia mtu.

Basi nikajitia ualimu. Nikakata boksi, nikachora kasia, kibuyu, kigoda na mwavuli, kila kimoja na kisanduku chake kitupu. Nikampa kipande cha mkaa.

"Mama, chagua."

Hakusita hata kidogo. Akapiga vema kwenye kibuyu, kwenye kigoda, kwenye mwavuli. Kasia akaliacha safi. Akanirudishia boksi langu kwa fahari.

"Mama! Umeweka tatu! Hiyo kura imeharibika!"

"Imeharibikaje? Si nimechagua?"

Ilinichukua muda kuelewa. Mwaloni, mama hukagua magunia ya dagaa kwa kuzamisha mkono mpaka chini. Gunia lenye mchanga hulipiga alama ya mkaa, na wabebaji wakiiona hawaligusi. Lisilo na alama ndilo linalopakiwa kwenye lori. Kwake yeye, alama ni ya kukataa. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Kwenye kura ni kinyume, mama. Unaweka alama kwenye kile unachokitaka."

"Yaani nikichafue ninachokitaka? Nani aliwafundisha kazi hawa?"

Tulifanya mazoezi siku tatu. Mara apatie, mara mkono ukimbilie mazoea. Jioni ya mwisho alikosea tena, na hofu ikanishika kweli: kura ya kwanza ya mkono wake isije ikatupwa.

Siku yenyewe tulikuwa kwenye foleni kabla jua halijapanda, mama kajifunga kitenge kipya, mimi moyo unadunda utadhani mgombea ni mimi. Tukafika mezani. Karani alikuwa kijana mwenye adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Una mtu wa kukusaidia? Ni huyu binti yako?"

Mama akanitazama, kisha akasema kwa sauti yake ya sokoni, "Huyu hapana. Safari iliyopita nilimtajia kitu, akaweka alama kwenye kingine. Maandishi sijui, lakini macho ninayo."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Miaka yote hiyo alijua, na kila Jumapili nikienda kwake aliendelea kunipakulia kichwa cha sato, kile ambacho zamani kilikuwa cha baba.

Akaingia kwenye kituturi peke yake. Akakaa. Akakaa mpaka mtu wa nyuma yangu akaguna. Kisha akatoka, akatumbukiza karatasi kwenye sanduku, akapakwa wino kidoleni na kukiinua juu.

"Nimechafua moja tu!"

Nikapiga kigelegele. Msimamizi wa kituo akanikaripia, nikapiga kingine, huku machozi yananitoka na wala sikuyafuta.

Zamu yangu ikafika. Mle kituturini nikaliona kasia, nikakiona kibuyu. Nikaweka vema kwenye kibuyu, nikijua fika kwamba kura yake na yangu zinavutana na hakuna iliyoizidi nyingine. Safari hiyo nilipiga kura moja tu, yangu.