Majibu ya Mama Shiko

Hii stori huwa sipendi kuisimulia, kwa sababu mpaka leo nikipita karibu na ile ploti ya vyumba vya kupanga kule Kawangware najifunika uso na leso, lakini sawa, wacha niwaambie vile nilijiaibisha.

Nilikuwa nimepata kazi ya kuuliza watu maswali ya vile walilelewa: ukilia nani alikubembeleza, nani alikuchapa, nani alikusifu. Kila mtu alijibu mara mbili, wiki mbili zikiwa katikati, ndio daktari wetu (mwanasaikolojia, mama mpole sana) ajue kama hayo maswali yanapima kitu cha ukweli ama watu wanajibu tu ovyo. Sasa raundi ya pili nikafika kwa Mama Shiko, muuza mboga wa hiyo ploti, nikaambiwa alihamia Riruta juzi. Riruta ni hapo tu, ningetembea, lakini jua lilikuwa kali na nilikuwa nimetoka kwangu Kianda kwa miguu, nikaketi kwa kibanda cha chai nikajaza fomu mwenyewe. Na kwa vile sikukumbuka alichosema mara ya kwanza, nikajibu vile ningejibu mimi.

Jumatatu daktari akazionyesha hizo fomu mbili ukutani, wenzangu wote wakitazama. Kwa ya kwanza, Mama Shiko alilelewa na nyanya aliyemwimbia kila jioni. Kwa ya pili, hakuna aliyewahi kumkumbatia. Daktari akasema ama maswali ni mabovu ama huyu mama ana shida, afadhali twende tumwone. (Hapo ndipo ningesema. Sikusema.)

Tukaenda watu sita mpaka kwa ile ploti. Jirani akasema Mama Shiko alihama, akampigia simu, akaweka spika, ploti nzima ikisikiliza, naye akasema huyo msichana wa maswali alikuja kwake mara moja tu.

Wenzangu wakaanza kucheka. Daktari akanigeukia.

"Sasa haya majibu ya pili ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Yote?"

"Yote, daktari."

Kicheko kikakatika. Daktari akafunga faili, akaniambia niende nyumbani, atanipigia. Nikarudi Kianda peke yangu, nikaketi kitandani na viatu miguuni, simu mkononi.

Alinipigia kweli, akaniambia nirudishe kitambulisho cha kazi. Sikatai, nilikosa, na fomu ya mtu sitaijaza tena maishani. Lakini simu ilipolia nilidhani ataniuliza kuhusu yale majibu. Nilikuwa hata nimepanga nitaanzia wapi.