Vumbi la Haisi ya Mikate

Nauza magodoro. Nayachukua Shinyanga mjini, nayapeleka minadani na kwenye makambi ya wachimbaji upande wa Geita, maana mtu aliyeshinda shimoni hapendi kulala juu ya gunia. Godoro halina uzito, ila lina kiburi cha nafasi. Kwa miaka mingi nilikodi sehemu juu ya malori ya watu. Mvua ikinyesha njiani, niliyelowa ni mimi, hata kama nimekaa ndani pembeni ya dereva. Godoro lililolowa hata likikauka lina alama, na mteja akiiona anauliza, "Hili alikuwa analalia mwanao nini?"

Ndiyo tukakubaliana nyumbani tuuze ng'ombe sita ninunue gari. Ng'ombe wale walitoka kwenye mahari ya dada yetu, na kila mtu alijua wanamsubiri mdogo wangu aolee. Mdogo wangu alikubali bila kununa, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Angegoma, ningepata wa kumlaumu. Mama yeye alisema neno moja tu:

"Ng'wanone, mwanangu, ng'ombe akifa unabaki na ngozi. Gari likifa unabaki na nini?"

Nikaenda zizini kuwatoa ng'ombe.

Mimi shule niliishia darasa la saba na magari sijasomea. Nilichokuwa nacho ni daftari ambalo nilikuwa naandika kila nilichosikia kwa mafundi na madereva. Wengi walisema jambo moja: huku kwetu gari halizeeshwi na miaka, linazeeshwa na mawe. Gari likishabeba viroba vya mawe ya dhahabu kutoka maduarani, kule mashimoni, hadi kwenye mashine za kusaga, basi hata ulipake rangi ya bibi harusi, mgongo umekwisha. Mwenzangu mmoja wa magodoro alinunua la namna hiyo. Mwezi haukuisha, likakaa kitako barabarani kama ng'ombe aliyekataa kuinuka, nyuma chini, mbele juu, na yeye kasimama pembeni anapungia malori.

Utajuaje sasa? Muuzaji hakuambii. Niliuliza swali hilo kwa mteja wangu mmoja, dada anayeosha mchanga wa dhahabu kwa karai huko mwaloni, kwenye mabwawa ya kuoshea mchanga, karibu na Runzewe. Alicheka.

"Kaka, si unalifagia tu! Mawe yanaacha vumbi. Niletee vumbi nilioshe, dhahabu ikionekana ujue lilibeba mawe. Karai halina rafiki."

Nililiandika hilo. Lilinipendeza mno, na kitu kikinipendeza mno huwa naanza kukitilia shaka, lakini safari hii sikutilia.

Haisi yenyewe niliipata hapo hapo Runzewe, kwa mzee mmoja mfanyabiashara mwenye asili ya Pwani aliyekuwa na tanuri la mikate. Macho yalikuwa yamemsumbua na sasa alikuwa anafunga kazi. Nilimkuta uani kwake asubuhi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutazama au umekuja kununua? Maana watazamaji nimeshawazoea, nawapa chai wanakwenda."

"Nimekuja kutazama ili ninunue."

"Afadhali wewe umeunganisha." Akapiga bati la haisi kwa kiganja. "Gari hii imebeba mikate tu. Mkate mwepesi. Gari hii haijui mzigo ni nini."

Nilishika injini ikiwa ya baridi, nikaiwasha, nikatazama moshi. Nikachomoa kijiti cha oili. Nikalala chini nikatazama uvunguni, ingawa nakiri kwamba huko chini kila kitu nilikiona sawasawa na kingine. Sakafu ya nyuma ilikuwa imefunikwa plaiwudi, juu yake kapeti. Safi kabisa. Moyo ukaniambia nunua, nami moyo wangu namjua, ni mtu wa kupenda haraka.

Nikasema, "Mzee, samahani. Naomba kufagia kidogo kwenye kona."

Nadhani alielewa ninachotaka, kwa sababu ameishi huku miaka mingi kuliko mimi. Angeweza kukasirika, mimi ningekasirika. Badala yake akaniletea ufagio mwenyewe.

"Fagia. Utanisaidia usafi."

Nilipata vumbi la kujaza kikopo cha maziwa, nikichokonoa maungio ya mlango kwa kijiti. Nikampigia yule dada, akaja na karai lake kichwani. Mzee akatoa beseni la maji. Dada akachuchumaa akaanza kulizungusha karai, maji ya tope yanamwagika kidogo kidogo ukingoni, na sisi wawili tumeinama juu yake kama watu wanaotazama mtoto aliyezaliwa. Majirani wakaanza kusogea. Runzewe mtu akizungusha karai uani kwa muuza mikate lazima usogee.

Mchanga mweusi ukabaki. Dada akautikisa mara ya mwisho, ukajivuta mkia, na kwenye ncha ya mkia ule kulikuwa na uzi wa njano mwembamba kuliko unywele.

"Ipo," alisema.

Nilimtazama mzee. Nilitegemea kuona uso wa mtu aliyekamatwa. Nilichoona ni uso wa mtu aliyeshangaa, ila sikujua kama ni mshangao wa kweli, na sikutaka kumhukumu kwa uso. Nilikuwa bado natafuta maneno ya adabu ya kumwambia kwamba gari lake lilibeba mawe na bei lazima ishuke, wakati mtu mmoja nyuma yangu alipopaza sauti:

"Mzee, uza vumbi! Gari mpe bure!"

Watu wakacheka. Mwingine akasema yeye anachukua kapeti peke yake, bei ataje mzee. Mwanamke mmoja akauliza kama viti navyo vinauzwa. Mzee akanyoosha mkono.

"Simameni kwanza. Gari haliuzwi mpaka nilifagie mwenyewe."

Hapo ndipo nilipojiona mjinga. Nilikuja na kipimo cha kushusha bei, nacho kikaipandisha mbele ya macho yangu. Kwingine kokote duniani, nadhani, uchafu ukionekana ndani ya gari thamani inapungua. Huku kwetu watu walikuwa wanalipangia foleni.

Akaitwa fundi wa jirani, akaja na spana. Wakatoa kapeti, wakalikung'uta juu ya turubai. Wakafungua viti. Kisha fundi akaanza kufungua skrubu za plaiwudi, moja baada ya nyingine. Ikanijia kwamba hakuna mnunuzi ambaye angethubutu kumwambia mwenye gari, nifungulie sakafu yote niitazame. Mimi nilikuwa nafunguliwa bila kuomba. Nikasogea karibu, nikaacha kuangalia turubai.

Plaiwudi ilipoinuka, upande wa kulia bati lilikuwa limenyooka, lina makombo makavu ya mikate na sisimizi wengi waliofia humo. Upande wa kushoto lilikuwa limebonyea hapa na pale, vishimo kama vya nyundo, na vumbi la kijivu limejikanda ndani yake.

Kelele zikapungua. Fundi alimtazama mzee. Mzee akainama karibu sana, kwa sababu ya yale macho, akapapasa vishimo kwa kidole kimoja kimoja.

"Hii siyo mikate," alisema.

Akatoa simu. Akampigia mkwewe, mume wa binti yake, na kwa kuwa hakuona vizuri vitufe, sauti ikatoka nje tukaisikia wote. Niliona aibu kusikiliza, lakini sikuondoka. Niandike hivyo hivyo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nilipolazwa kwa ajili ya macho, gari ilibeba nini?"

"Mikate, baba. Kama kawaida."

"Mikate ya nini?"

Tukasikia pikipiki ikipita upande wake.

"Na mawe, baba. Siku chache. Safari nne. Au tano. Upande mmoja tu, upande wa pili nilikuwa nimeacha kreti."

"Na plaiwudi?"

"Niliifunga mimi. Nilitaka nikwambie."

"Umeniambia leo," mzee akasema, akakata.

Kuhusu mkwewe nataka kuwa wa haki: alisema kweli kwenye swali la pili. Mimi najua watu wanaohitaji maswali manane. Na kuhusu mzee, nilikuwa nimeshamwita mwongo moyoni tangu ule uzi wa njano ulipotokea. Nilimwambia. Nilisema, "Mzee, nilikudhania vibaya." Akajibu, "Hata mimi sasa hivi najidhania vibaya. Miaka mingi nawaambia watu mikate tu."

Kisha, mbele ya wale wote waliokuwa wanataka kapeti, akaniambia nisinunue mpaka fundi apime mgongo wa gari, na fundi atalipwa na yeye.

Fundi akalala uvunguni na nyundo ndogo. Akawa anagonga chasisi kidogo kidogo kutoka mbele kwenda nyuma, huku akisikiliza. Nilimuuliza anasikiliza nini.

"Palipopasuka panajibu kwa sauti ya mgonjwa," alisema kutoka chini. "Lala usikie."

Nikalala pembeni yake. Akagonga, ngi, ngi, ngi. Akahamia kushoto, nikasogeza sikio, na bado ikawa ngi, ngi. Akarudia mara ya pili kwa sababu nilimuomba, na mara ya tatu kwa sababu aliniona usoni. Chasisi ilikuwa nzima. Kilichochoka ni springi ya kushoto. Majani yake mawili, vile vyuma bapa vilivyopangwa pamoja, yalikuwa yamelala, na jani moja lilikuwa na ufa.

"Hizo safari tano zingekuwa hamsini, tungekuwa tunaongea mengine," akasema.

Wakati huo yule dada alikuwa amemaliza kuosha vumbi lote la gari. Dhahabu yote ilikuwa sawa na punje ya uwele, labda na nusu. Watu waliitazama, wakaguna, wakaanza kuondoka. Aliyetaka viti aliondoka wa kwanza. Mzee akampa dada ile punje iwe ujira wake. "Wabeja, mzee," dada akashukuru, akaifunga kwenye karatasi ya sigara, akabeba karai lake.

Majani ya springi aliyabadilisha mzee kwa gharama yake. Nililiendesha gari hadi barabara kuu nikarudi, nikaomba kwenda tena. Bei tuliyokubaliana ilikuwa pungufu kidogo ya ile ya kwanza. Alitaka kupunguza zaidi nikakataa, kisha nikajutia kukataa, kisha nikaona ni sawa.

Kwa mjumbe wa mtaa tulipokwenda kuandikishana, mzee aliniomba niandike mimi kwa kuwa yeye haoni mistari. Akanitamkia polepole: gari hili limebeba mikate, na limebeba mawe safari nne au tano, mwenyewe sikujua, mnunuzi ameona. Mjumbe akasema maneno hayo hayahitajiki kwenye mkataba wa gari. Mzee akasema yeye anayahitaji.

Kabla sijawasha nilimpigia mama. Nilimweleza yote, mawe, vishimo, nyundo, hadi yule mkwe.

"Kwa hiyo lina kovu," akasema.

"Lina kovu, mama."

"Na umeliona kwa macho yako, hukusimuliwa?"

"Nimeliona. Nimelipapasa."

"Basi mwambie mdogo wako. Yeye ndiye mwenye ng'ombe."

Akampa simu. Mdogo wangu aliuliza swali moja tu ambalo halikuwamo kwenye daftari langu lote, kama godoro la futi tano linaingia bila kukunjwa. Nikashuka na futikamba niliyoazima kwa fundi, nikapima mlango wa nyuma, nikarudi kumjibu kwamba likisimama wima kwa ubavu linaingia.