Kipofu wa Tamthilia

Juzi nyumbani Kibiti tulikuwa tunatazama tamthilia ninayoidharau kabisa. Mama mkwe tajiri amejifanya kipofu tangu Ramadhani, watu wote wamemwamini, na kila siku anajipaka wanja bila kukosea. Dada yangu alikuwa akimlilia machozi ya kweli.

"Upuuzi mtupu," nikamwambia.

Umeme ukakatika. Dada akaona shida kukaa bure, akajitanda kanga, akamwigiza mama mkwe akipapasa ukuta na kumtukana mkwewe kwa Kindengereko, mpaka mama yetu, aliyekuwa akipepeta mchele, akaumwaga kutoka kwenye ungo kwa kucheka.

Umeme uliporudi, yule kipofu wa uongo alikuwa bado anajiliza. Dada akamtazama kidogo, akasonya.

"Hata kulia hajui," akasema, akazima.