Nyumba ya Magurudumu Iliyokwama Wattaya

Siku hizi ukipita Wattaya, kwenye njia ya kuingia mji wa Matrah, unaona maduka ya magari, kioo kitupu, magari yamepangwa yanang'aa. Mwishoni mwa miaka ya sitini palikuwa na changarawe, migunga michache na kibanda cha walinzi. Gari la kwanza kusimama pale likazungukwa na watazamaji lilikuwa langu, wala sikulisimamisha kwa hiari.

Nilikuwa natoka Kuwait. Nilifika kule na mkoba mmoja baada ya kuondoka Unguja, nikashinda chini ya magari mchana na kusoma jioni mpaka nikapata stashahada ya ufundi wa mitambo, daraja la juu. Hakuna aliyenishika mkono. Na sasa nyuma ya Landrova yangu nilikuwa nakokota nyumba ya magurudumu: vitanda viwili, jiko la gesi, kabati, madirisha yenye mapazia. Niliinunua kwa mhandisi mmoja wa Australia aliyekuwa anarejea kwao. Aliniambia kwao watu huzunguka nchi nzima wakivuta nyumba zao, na kila kimji wanachofika huoneshwa pa kuegesha na bomba la maji, wala haulizwi mtu atokako.

Nyumba ile ilikuwa ya mama yangu. Tangu aache nyumba yake Unguja, alikuwa akikaa Matrah kwa jamaa, chumba kimoja na wanawake wengine watatu. Nilimwahidi chumba chake mwenyewe, na nilikusudia kumfikishia mlangoni, Matrah nzima ikitazama.

Mkuu wa walinzi alikuwa mzee mwenye ndevu za hina na Kiswahili cha Pemba, alikokaa ujanani. Alisoma ruhusa ya Landrova, maana siku zile gari halikuingia mjini bila karatasi, akaridhika. Kisha akazunguka nyuma.

"Na hii?"

"Trela, shekhe. Gari."

"Gari lina mapazia?"

"Mke wangu yumo ndani."

Pale pale akageuza uso. Mwanamume hachungulii walipo wanawake wa watu. Basi ukaguzi ukafanywa kwa maswali, yeye akiutazama mlima.

"Ndani mna kitanda?"

"Viwili."

"Na jiko?"

"Lipo."

"Na vikombe, mwambie," akasema mke wangu nyuma ya pazia, "asije akasema tumeficha."

Mzee akacheka, lakini hakulegea. "Ruhusa yako ya gari. Hii nyumba. Nyumba mpya haiwekwi mjini bila ruhusa ya liwali."

"Nyumba haiwi na magurudumu, shekhe."

"Na gari lenye jiko umeliona wapi?"

Nikamwonesha ndoano, ekseli, taa za nyuma. Nikamtolea stashahada yangu. Akautazama muhuri, akasema mwandiko mzuri, akanirudishia. Mimi niliyekuwa nikifungua injini ambazo wengine walizikimbia, nimezuiwa na pazia. Jua lilikuwa limepanda, bati la nyumba halishikiki, na kila nikikumbuka vile vimji vya yule mhandisi na mabomba yao ya maji, nilizidi kukereka.

Mwishowe nikapanda Landrova, nikaikokota nyumba mbele na nyuma, mbele ya macho yake.

"Nyumba gani inatembea?" nikamuuliza.

Akakuna ndevu. "Hapo umenipata. Basi nikatie udhu. Nikishaswali adhuhuri nitakuandikia kuwa ni gari."

Angeandika. Sina shaka mpaka leo. Lakini habari zilikuwa zimeshafika Matrah, na mzee alipokuwa anakunja mswala, mama yangu akatokea juu ya punda, chetezo mkononi, na mwenye punda nyuma yake kabeba birika la kahawa na bakuli la halua. Mama hajapata kuhamia nyumba siku ya kwanza ikapita bila kufukizwa udi na majirani kunywa kahawa. Na majirani waliokuwepo ni walinzi.

Akasimama mlangoni. "Hodi."

"Karibu, mama," mke wangu akaitikia.

Akavua viatu, akaingia kwa mguu wa kulia, na udi ukaanza kutoka madirishani. Nikamfuata mbio.

"Mama, ngoja kidogo. Kwanza tuseme ni gari."

"Gari gani, mwanangu? Gari hufukizwa?"

Akatandika mkeka nje, akammiminia mzee kahawa. "Karibu, baba. Nimekaa kwa watu siku nyingi. Leo nna mlango wangu wa kufunga mwenyewe."

Mzee akanywa, akakitikisa kikombe kuonesha katosheka, akanigeukia. "Bi mkubwa mwenyewe kasema."

"Mama si fundi," nikamwambia.

"Si fundi. Ndiye mwenye nyumba."

Nikamwomba mama aseme neno moja tu: gari. Akaniuliza kisima kiko wapi. Alipooneshwa kuwa ni karibu, akasema mjini hana haja napo: maji yapo, walinzi wapo, na hapa hapana mtu wa kumsogeza kitandani. "Wewe nenda na gari lako. Mimi nshafika."

Mke wangu naye akashusha pazia vizuri, akabaki.

Nikaifungua ndoano kwa mikono yangu, kazi safi, ndani hakikutikisika hata kikombe kimoja. Nikaingia Matrah na Landrova tupu. Watu wakatoka madukani kutazama, wakauliza hiyo ndoano ya nyuma ni ya kuvutia nini.