Karani wa Makoti

Lorraine alikesha akingoja jibu la shule: je, bintiye angenunuliwa koti la sare kwa ruzuku ya serikali, ile ya watoto wa familia zisizojiweza, au Jumatatu angerudishwa tena nyumbani kwa kukosa koti? Asubuhi, kupitia kioo cha mlango wa ofisi ya shule pale Burnley, Uingereza, akamwona karani, mama wa miwani mwenye vidole vyenye sugu, akipiga mluzi huku akifikicha koti jipya, kwanza mikono, halafu kola.

Lorraine akagonga kioo. "We mama, mbona unaliharibu?"

"Nalizeesha, kipenzi, kama yote ya ruzuku. Wenzake wamevaa yao tangu Septemba; Novemba hii la binti yako lingemeta peke yake, na darasa zima lingejua nani kalinunua." Akalinusa. "Langu mimi, nilipokuwa shule, lilimeta."

Karani akafungua mlango.